Umekuja Dodoma kikazi siku mbili tatu? Usiondoke hujala mlenda na ugali wa uwele

mpita_kati

Wakuu habari zenu, na kwa wenyeji wa Dom mbukwenyi.

Nimeona nifungue huu uzi maana sa hivi watu wanaopita Dodoma ni wengi mno. Toka serikali ihamie huku kila mtu ana kikao, ana semina, ana barua anafuatilia wizarani, na treni ya umeme ilivyoanza 2024 ndo kabisa, mtu anatoka Dar asubuhi na kabla ya masaa manne kuisha yupo stesheni Dom anaita boda. Sasa ukimuuliza huyo mtu akirudi, umekula nini Dodoma, anakwambia chipsi kuku, au wali nyama wa bafe pale hotelini walipofanyia semina. Yaani kasafiri zaidi ya kilomita mia nne kuja kula kile kile anachokula kila siku kwake. Hii kitu inaniuma kwa kweli, kwa sababu chakula cha huku ni kizuri, cha bei ndogo, na kina akili nyingi ndani yake.

Shida ni moja, hakikufuati. Jiji limejaa watu wa mikoa yote, mama lishe naye anapika kinacholiwa na wote, wali maharage, wali nyama, ugali wa sembe na mchicha. Chakula chenyewe cha Wagogo kimebaki majumbani na kwa akina mama wachache ambao lazima uwaulizie. Mimi huwa naanzia maeneo ya soko la Majengo, namuuliza yeyote anayeuza karanga au unga wa mtama, mama nani anapika mlenda na ugali wa uwele hapa karibu? Hakuna aliyewahi kunishangaa, wanafurahi kabisa mgeni akiuliza hivyo, mwingine anaacha biashara anakusindikiza mpaka mlangoni. Kama hakuna siku hiyo unaongea na mama unaacha oda, kesho mchana unakuta ameshakuandalia.

Ugali wa uwele kwanza usitegemee weupe. Una rangi ya kijivu inayoelekea ukijani, unanukia nafaka kabisa, na ukiubonyeza hauachani ovyo. Mlenda unakuja kwenye kibakuli chake, kijani iliyokolea, juu unaona mafuta kidogo ya karanga yenyewe yametoka, maana hapo hakuna mafuta ya kupikia yaliyowekwa. Unamega tonge, unalibonyeza katikati kwa dole gumba, unachovya, alafu unazungusha kiganja kidogo ndo uzi unakatika. Mwenyeji anafanya hivyo bila hata kuangalia. Ladha yake ni ya majani na karanga na uchachu wa mbali wa nyanya, chumvi kidogo, basi. Mchana wa jua kali la Dodoma ukila hicho chakula hulemewi, unarudi kwenye kikao macho makavu mpaka saa kumi na moja.

Nitaendelea na zabibu na mnada, ila kwanza wenyeji mje mniongezee.

kijana_wa_pwani

Mkuu nakuheshimu ila mlenda hapana. Mimi hata bamia nakula kwa kulazimishwa, ule utelezi unanishinda. Dodoma naijua kwa nyama choma na vumbi.

binti_wa_ugogo

Mbukwa mleta uzi. Nimefurahi sana kuona mtu ambaye si wa kwetu anaandika hivi.

Kaka wa pwani naomba nikueleze vizuri maana watu wengi wanadhani mlenda ni mboga moja. Kuna mlenda mbichi na kuna mlenda wa unga. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, inaanza mwezi wa kumi na mbili inaisha wa nne, baada ya hapo ni ukame mpaka mwisho wa mwaka. Kwa iyo zile mboga za porini zinazoota mvua zikianza, akina mama wanachuma nyingi, wanaanika juani zinakauka kabisa, wanatwanga, wanachekecha, unga unawekwa kwenye kibuyu au ndoo yenye mfuniko. Huo ndo unalisha nyumba miezi yote ambayo hakuna hata jani bichi shambani. Bibi yangu alikuwa na vibuyu tofauti tofauti jikoni, anajua kwa kunusa tu hiki ni majani gani na kilichumwa mwanzo wa mvua au mwisho.

Kupika kwake maji yanachemka na magadi kidogo, unaweka nyanya, unanyunyiza unga huku unakoroga usifanye mabonge, mwisho karanga zilizotwangwa. Ukiweka karanga za kutosha ule utelezi unashikana, unakuwa mzito, haufanani na bamia hata kidogo. Mgeni anayeanza nampa wa karanga nyingi na tonge dogo. Wengi wanaongeza.

Na uwele ni hivyo hivyo una sababu zake. Mahindi huku ukikosa mvua wiki mbili tatu kipindi yanabeba umekwisha, uwele na mtama unavumilia. Wazee wetu hawakula uwele kwa sababu walikosa sembe jamani, walikula kwa sababu ndo nafaka inayowajua.

kijana_wa_pwani

Dada umenielezea kwa heshima nimekuelewa. Nikija Dom nitajaribu huo wa karanga nyingi.

Mzee_wa_Kikuyu

Binti umesema kweli tupu. Naongezea kitu kimoja kwa wageni, ugali wa uwele uangalie umesagwa wapi. Uwele ukisagwa bila kupepetwa vizuri una mchanga, utasikia kwenye meno, na mtu akikutana na huo mara ya kwanza harudi tena. Mama anayejua kazi yake anauosha uwele kwanza, anauanika, ndo anapeleka mashine. Muulize tu, atakwambia bila kuona vibaya.

mpita_kati

Mzee wangu shikamoo, hilo ni la muhimu sana asante.

Haya zabibu. Watu wengi wanajua Dodoma ni zabibu ila hawajui zina wakati wake. Huku zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili kwenda wa tatu, na tena wa nane kwenda wa tisa. Hii haipo kwenye nchi nyingi za baridi zinazolima zabibu, wao wanavuna mara moja tu, huku jua na ukame ndo vinasaidia mkulima akikata matawi vizuri mzabibu unazaa tena. Wamisionari ndo walioanza kuipanda huku zamani, sa hivi ni zao la wakulima wadogo kuanzia Hombolo mpaka Mpunguzi, na pale Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu.

Ukija kipindi hicho utaziona barabarani kwenye mabeseni na ndoo. Usikimbilie kununua, angalia kikonyo kwanza. Kikonyo kikiwa kijani na kigumu zimekatwa leo au jana, kikiwa kahawia kimesinyaa zimelala. Pia angalia ule unga mweupe mwepesi juu ya ganda, watu wanadhani ni dawa wanazifuta futa, ule ni utando wa zabibu yenyewe, ukiuona upo ujue hazijashikwa shikwa sana. Osha tu kabla ya kula. Zile nyeusi ndogo zenye ganda gumu na mbegu nyingi hizo ni za mvinyo, ni tamu vibaya sana ila mtoto mdogo mbegu zitamsumbua.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote nikiwa Dom ni hiki: jioni kazi imeisha, nanunua zabibu zangu, naziosha kwa maji ya chupa, naenda kukaa pale Nyerere Square. Jua likishazama Dodoma inabadilika kabisa, upepo unaanza, joto lote la mchana linaondoka, tuko zaidi ya mita elfu moja toka usawa wa bahari kwa iyo jioni za mwezi wa sita wa saba unahitaji sweta kabisa. Watu wanapita na familia zao, wanafunzi wa vyuo wanapiga picha, mtu anauza karanga za kukaanga kwenye vikaratasi. Nakula zabibu moja moja. Sina haraka ya kurudi gesti. Mtu wa Dar anayezoea kukaa kwenye foleni masaa mawili saa hizo anajua naongelea nini.

shemeji_wa_nkuhungu

Aisee umenikumbusha mbali. Mi nashauri pia asubuhi mapema mtu apande kile kilima cha Simba, sio kirefu, unavaa raba unapanda taratibu kabla jua halijawa kali unaona mji wote, msikiti wa Gaddafi unauona, reli, na mibuyu huko pembeni. Ukishuka unatafuta chai ya maziwa na chapati. Hiyo asubuhi inatosha hata kama siku nzima utakaa ukumbini.

Ukht_Z

Assalam aleykum wakuu. Naomba kuuliza kuhusu huo mnada, mi ni Muislam na nakuja na mume wangu wikiendi, tunaweza kwenda kula nyama bila wasiwasi?

mpita_kati

Waaleykum salaam dada. Mnaweza, ila kwa kuuliza.

Mnada wa Msalato ni Jumamosi, upo barabara ya kwenda Kondoa na Arusha, sio mbali na mjini, bajaji na daladala zinafika. Wafugaji wanaleta mifugo, kuna nguo, kuna sufuria, na kuna mabanda ya nyama mengi sana. Utaratibu wake ukiujua hausumbuki. Nyama unainunua yenyewe kwa kilo buchani, unachagua sehemu unayotaka, alafu kuna mchomaji unampa anachoma unamlipa ya kuchoma, ugali au ndizi na kachumbari unaagiza pembeni. Mimi nachukua mbavu za mbuzi na kipande cha paja vichomwe pamoja, mbavu zina mafuta, paja lina nyama. Namwambia mchomaji asiikate kate mpaka iive, akiikata mapema maji yote yanaishia kwenye mkaa. Chumvi tu, hakuna viungo, na haihitaji. Mbuzi wa huku anakula majani na matawi ya miti mikavu kutwa nzima anatembea, nyama yake ina ladha yenyewe.

Sasa kwa upande wako dada, kuna mabanda ya kitimoto pia kwenye minada, yanakuwa sehemu yake. Uliza kwanza nani kachinja na jiko linachoma nini, watu wa pale wanaelewa na wanakuonyesha bila kona kona. Nendeni kabla ya saa saba, baadae watu wanajaa na nyama nzuri zinakuwa zimeshachaguliwa.

Ukht_Z

Allah akulipe, nimeelewa.

dereva_mstaafu

Naongezea wanaopita Dodoma kwenda Iringa. Simama Mtera, pale kwenye bwawa. Perege wa kukaanga wanauzwa barabarani, wamekaangwa wakavu hasa, unakula na chumvi na pilipili kwenye gazeti. Chagua wa ukubwa wa kati, wakubwa sana ndani wanakuwa hawajaiva vizuri sababu wanakaangwa kwa wingi kwa haraka. Na ukigusa awe bado wa moto. Nimeendesha njia nyingi nchi hii, ile meza ya mbao pale pembeni ya bwawa upepo unatoka majini ni moja ya sehemu nilizopenda kupumzika.

mnyaturu_og

Singida msitusahau basi nasi ni kanda ya kati. Kuku wa kienyeji wa Singida wanaliwa mpaka Dar ila hawana ladha ile wakifika huko, wameshasafiri wamechoka. Kula huku huku, mchemsho, limao na chumvi, na ugali wa mtama. Mafuta ni alizeti ya hapa hapa, ya kukamua mashine za mtaani, ina harufu yake ya mbegu ambayo ukiizoea, ile ya dukani unaiona haina kitu. Na asali, ukipita Manyoni na Itigi uliza asali ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo, ya wadogo ni nyepesi ina uchachu, wengi wanainunua kama dawa ila kwenye uji wa mtama asubuhi ni kitu kingine kabisa.

mpita_kati

Mnyaturu hapo kwenye asali ya nyuki wadogo na uji umenimaliza, hiyo lazima niifuate.

jasiri_2

Mimi nina mawazo tofauti kidogo msinichukie. Naona tunakipamba sana hiki chakula cha asili wakati wenyewe vijana wa Kigogo mjini hawakili. Nina rafiki zangu wa hapa hapa, wanakula chipsi. Kama wenyewe wameacha sisi wageni ndo tukitafute?

binti_wa_ugogo

Sijachukia kaka, ni swali la haki. Ni kweli vijana wengi mjini hawapiki. Sababu mojawapo ni aibu tuliyopewa shuleni, mtoto akisema kwetu tunakula mlenda wenzake walikuwa wanacheka, Mgogo akaonekana mtu wa njaa. Mimi mwenyewe nimeyaona hayo. Sasa fikiria mgeni ametoka mbali, amevaa vizuri, ana kitambulisho cha kazi shingoni, anafika kwa mama anaomba mlenda kwa jina lake na anamaliza sahani. Yule binti anayesaidia kuosha vyombo pale anaona. Mama naye kesho anapika sufuria kubwa zaidi kwa sababu ameona kuna mteja. Mama mmoja namfahamu alianza na oda za watu wawili watatu wa maofisini sa hivi anapika mlenda kila siku ya kazi. Kwa iyo ndio, mkitafute tafadhali. Mnatusaidia.

jasiri_2

Nimekubali dada. Sikuwaza upande huo.

Mzee_wa_Kikuyu

Na nyie vijana mnaokuja na familia, kama mna siku moja ya ziada nendeni Kondoa, lami tupu, mpite mpaka Kolo mkaone michoro ya mapangoni, ile iliyoingizwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2006. Watu na wanyama wamechorwa kwa rangi nyekundu kwenye miamba. Mtakaa na mwongozaji, mtatembea kwa mguu, beba maji na ubuyu wa kumung'unya njiani. Ubuyu wa huku ni mweupe wenyewe kama ulivyotoka kwenye tunda, haujapikwa na sukari na rangi, unachachusha mdomo na kiu inakata.

mama_watoto_wawili

Jamani asanteni kwa huu uzi, nimeusoma wote. Nina maswali mawili. Mimi nakuja mwezi wa tano, zabibu nitakuta? Na huo mlenda wa unga naweza kununua nikarudi nao Dar, maana mama mkwe wangu ni mtu wa huko Chamwino na ni miaka mingi hajaupata wa kwao.

mpita_kati

Mwezi wa tano zabibu za msimu zimeisha mama, ukikuta ni chache na bei imechangamka. Chukua zabibu kavu au ile juisi yake isiyo na kilevi, na kama mnatumia mvinyo basi wa Dodoma upo mwaka mzima. Ukija mwezi wa nane ukataka kubeba mbichi kwenye treni, usiweke kwenye mfuko wa nailoni, zinatoa jasho. Tafuta boksi gumu, tandika gazeti, panga safu moja tu vikonyo vikiwa juu, na ushike mwenyewe mapajani. Hilo la mlenda namwachia binti.

binti_wa_ugogo

Unabebeka vizuri kabisa mama, ndo maana tunaukausha. Nenda sokoni Majengo au Sabasaba kwa akina mama wanaouza mboga kavu, wanapima kwa kikombe. Omba uunuse, uwe na harufu ya majani makavu, ukinusa ukungu usinunue hata kama bei ni ndogo. Shika kidogo ukisugue vidoleni, ukiwa na chenga chenga za mchanga achana nao. Chukua na karanga za hapo hapo ndogo nyekundu, na kipande cha magadi, ya Dar siyajui yakoje.

Ukifika mwachie mama mkwe apike mwenyewe kama ana nguvu. Kama utapika wewe, vikombe vitatu vya maji kwa vijiko vikubwa viwili vya unga, magadi ncha ya kijiko tu, ukizidisha unakuwa mchungu. Moto mdogo, koroga usiache, na usifunike sufuria maana unafura unamwagika wote. Karanga weka mwisho, dakika kama tano unaepua. Na utuletee mrejesho hapa alisemaje.